Rangi ya Chini

Jumatatu, 3 Machi

Mshtuko wa mwaka! Baba mkwe ametangaza mezani kwamba magoti yake yamegoma, kwa hiyo mashua yake ya tanga anamwachia mkwe. Nikasimama kumshukuru. Akaniambia nikae, hajamaliza. Mkwe mmoja kati ya wawili! Yaani mimi na mwanyumba wangu, yule mpole aliyemwoa dada wa mke wangu. Mashua imepandishwa nchi kavu, iko yadini. Kila mmoja apake ubavu mmoja kwa rangi ya chini, ile yenye sumu ya kuzuia mwani na magamba ya baharini yasiote. Itarudi majini, na siku itakapopandishwa tena, mwenye ubavu safi ndiye mwenye mashua.

Tatizo: ofisini nimeshasema ni yangu. Bosi nimeshamkaribisha. Kofia ya unahodha nimeshanunua.

Jumanne, 4 Machi

Dukani. Nimeomba rangi ya chini, nyekundu, kwa sauti ya mzoefu. Muuzaji akauliza kama panakanyagwa na watu wengi. Nikasema hapakanyagwi kabisa, ni maji tu. Akasema aa, bafuni. Nikadhani ni lugha ya mafundi, nikaitikia. Akanihakikishia kwamba hii haitelezi. Nikashtuka. Mimi nataka iteleze! Akanitazama, akauliza kama nyumbani kuna wazee. Nikamwambia yupo baba mkwe, na kazi yote hii ni kwa ajili yake. Akamwita mwenzake kutoka nyuma.

Nimechukua hiyohiyo isiyoteleza, nikatoka haraka. Mkebe nimeuacha jikoni.

Jumatano, 5 Machi

Mwanyumba amekuja yadini kavaa kama daktari wa upasuaji: barakoa, glavu, miwani, ovaroli. Mkebe wake una picha ya fuvu. Aliikoroga rangi mpaka nikachoka kwa niaba yake, eti sumu huzama chini. Mbwembwe! Jioni ubavu wa kulia alikuwa ameumaliza, na mkebe umebaki nusu. Mimi bado napiga msasa upande wa kushoto; mkebe wangu nimeuleta kutoka jikoni, uko stoo ya yadi, haujafunguliwa. Akanishauri niloweshe msasa, maana vumbi la rangi ya zamani si zuri kwa mapafu. Nikamwambia ashughulike na ubavu wake.

Usiku nimepiga chafya, leso ikawa nyekundu. Mke wangu amepiga ukelele.

Alhamisi, 6 Machi

Msasa tena, kutwa, chali chini ya mashua. Mwanyumba aliingia stoo tunakoweka mikebe, akatoka anapiga mluzi. Sikumjali.

Jioni mke wangu ameuliza kwa upole ninapaka lini jikoni. Jikoni gani? Kumbe alikuwa ameusoma mkebe Jumanne: kwa sakafu, veranda na bafu. Alifurahi, akanyamaza asiniharibie, na friji ameihamisha peke yake! Nimekaa chini palepale. Rangi ya sakafu! Kesho jioni mashua inashushwa majini na ubavu wangu uko uchi.

Lakini zote mbili ni nyekundu. Na nusu mkebe wa fuvu uko stoo.

Ijumaa, 7 Machi

Alfajiri, stoo. Kazi safi. Rangi ya mwanyumba nimeihamishia kwenye mkebe wangu, yangu nimeitia kwenye mkebe wake. Yangu ilikuwa nzito kama uji uliolala, inanuka dawa ya panya. Hata kwa sakafu ni aibu. Ya kwake, laini, inang'aa! Hiyo ndiyo sumu ya watu wanaojua mambo. Nimepaka mara mbili. Ubavu wangu unang'aa mpaka najiona na kofia yangu. Ubavu wake umefifia kama tofali.

Mwanyumba ameutazama ubavu wangu, akakunja uso, akasema ajabu, yake haikung'aa hivyo. Wivu! Kisha akabeba mkebe wake wa fuvu, anakwenda kupakia veranda kwake. Veranda! Kwa rangi ya mashua! Maskini, hajui kwamba nimemfanyia hisani: mle ndani sasa ni rangi ya sakafu kweli.

Jumamosi, 19 Aprili

Sina nguvu ya kuandika. Mashua imepandishwa mbele ya ukoo mzima, na bosi wangu, aliyekuja na miwani ya jua. Ubavu wa kulia: safi, hata uzi mmoja wa mwani hakuna. Ubavu wangu: rangi imebanduka vipande vipande, na palipobaki pameota bustani. Mwani unaning'inia. Magamba yamejipanga. Kaa mdogo ametoka, akatutazama, akarudi ndani. Bosi akauliza ubavu huu ni wa nani.

Hapo ndipo nilipoziona soksi za baba mkwe. Nyeupe juu, nyekundu nyayoni. Mke wa mwanyumba analalamika kwamba tangu veranda ipakwe, kila anayeikanyaga anatoka na rangi miguuni, na siafu wamehama. Mwanyumba akazitazama soksi, akautazama ubavu wangu, akanitazama mimi. Akanivuta pembeni.

“Mwanyumba, ile rangi yako niliibadilisha mimi, Alhamisi. Nikakuwekea ya mashua, yako ya sakafu nikaitia kwenye mkebe wangu. Sikutaka baba akucheke.”

Niliiba rangi yangu mwenyewe ya sakafu! Hakumwambia mtu. Alipokabidhiwa mashua, akasema mbele ya wote kwamba atahitaji mwenzake wa kusafiri naye, na huyo ni mimi. Nimevua kofia. Nimeona aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

Jumatatu, 21 Aprili

Aibu imepoa. Nimelitafakari jambo: kosa ni la mwanyumba. Angeniambia, nisingeiba. Bosi nimemweleza kwamba mashua ni ya ubia.

Sasa mwanyumba ameniomba niipake mashua sehemu ya juu, nyeupe. Nimerudi kwa muuzaji yuleyule, nikaomba rangi ya juu. Akauliza chumba kina ukubwa gani. Nikamwambia si chumba, ni juu ya maji. Akasema aa, bafuni tena. Nikaitikia. Amenihakikishia kwamba haidondoki hata mvuke ukipanda.

Mkebe nimeuficha chini ya kitanda. Safari hii mwanyumba haubadilishi.