Mpima Maji Amefika Zombe

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe mbele ya kanisa zima, jembe mkononi.

Mnajua kazi yangu. (Hamjui. Hakuna aliyewahi kuniuliza.) Niko kwenye maabara ya chuo hapa Kitui, mimi na mashine peke yetu. Natengeneza kitambaa cheupe cha nyuzi za plastiki, nyembamba kuliko utando wa buibui. Ukikichovya kwenye asetoni (ile dawa ya kutoa rangi ya kucha) iliyoingiliwa na maji, hata yawe kidogo kiasi gani, kinabadilika rangi chini ya taa. Kinafanya kazi vizuri sana. Sina wa kumwonyesha.

Jumapili iliyopita kanisani, wageni wakaambiwa wasimame. Mimi bado husimama na wageni, ingawa nilihamia hapa kutoka Kalamba mwaka jana. Pasta akaniuliza, "Dada, unafanya kazi gani?" Nikaona nisiwachoshe watu. Nikasema, "Napima maji."

Kanisa likapiga makofi. (Kumbe sayansi inapendwa hivi?) Baada ya ibada, Mama Kalekye akanishika mkono hadi kwake, tukala. Mzee Mutua, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, akaniita daktari, akaniingiza kwenye grupu yao ya WhatsApp. "Jumapili ijayo uje na mashine yako, twende ploti ya kanisa kule Zombe." Wiki nzima nimekuwa nikijifunza kueleza kazi yangu kwa Kiswahili rahisi, nikiongea na kioo.

Leo nimefika na kichupa cha asetoni, taa ndogo, na vitambaa vyangu ndani ya boksi la viatu. Nikakuta watu wamejaa, majembe yamepangwa, sufuria ya muthokoi wa mahindi na maharagwe iko motoni. Pasta akaomba, akanishukuru mimi kwa jina. Kisha Mzee Mutua akanikabidhi jembe.

"Haya daktari, weka alama. Tuchimbe wapi?"

"Tuchimbe nini, mzee?"

"Kisima. Si ni wewe unapima maji?"

Ukambani mpima maji ni yule anayezunguka shambani akitafuta maji yaliyo chini ya ardhi. Kila mtoto anajua. (Mkamba mzima, na nilisahau.) Ikabidi nieleze kwamba mimi natafuta maji yaliyojificha ndani ya vitu vingine. Asetoni, kwa mfano. Spiriti.

Mama Kalekye akauliza taratibu, "Kwa hivyo unaangalia kama pombe imetiwa maji?"

"Hapana, mama. Pombe ina maji mengi mno, kitambaa kinaharibika hapo hapo."

"Na ulijuaje?"

(Nilikuwa nimejaribu. Kwa ajili ya sayansi. Nenda ukaeleze hilo mbele ya wazee wa kanisa.) Pasta akakohoa. Mzee Mutua akachukua jembe lake mkononi mwangu, pole pole, akalirudisha pamoja na mengine.

Chakula nimepewa, hawana roho mbaya. Ila mazungumzo yalihamia upande wa pili wa sufuria, na boksi langu halikufunguliwa. Nimeumia, siwafichi. Nilitaka tu kuwa na watu wa kula nao Jumapili.

Nimefika nyumbani nikakuta nimeshatolewa kwenye grupu ya kamati. Sasa nanyi, kama lazima mcheke, mnipigie simu kwanza, mcheke nikisikia.