Mistari Tisa Tisa

Jumatatu, 6 Mei

Mabadiliko sitini na mawili kabla ya saa sita mchana! Rekodi. Miwani, jirani yangu wa meza, ana saba. Saba! Anasoma msimbo wa programu kama mtu anayechambua mchele, midomo inacheza, kidole kwenye kioo cha kompyuta.

Shajara hii ni ya kuungama, kwa hiyo naungama yote. Kampuni yetu inatengeneza programu za hospitali. Siku hizi hatuandiki sisi. Wanaandika mawakala, yaani akili bandia: unazipa kazi, zinakuletea msimbo uliokwisha andikwa. Mimi na Miwani kazi yetu ni kukagua kila badiliko kwa macho kabla halijaanza kutumika. Kwa macho. Bosi alilirudia hilo mara tatu.

Macho yangu yana miaka hamsini na moja. Ndiyo maana nimemtengeneza Naibu. Naibu ni programu inayokagua kwa niaba yangu, na hakuna anayejua. Nimempa amri moja tu: badiliko lisilofika mistari kumi lipite, likifika kumi lirudi kwa aliyeliandika. Anaweka jina langu chini. Mara moja moja anaongeza, "Safi, ila tuwe waangalifu." Hilo la uangalifu nililitunga mwenyewe. Najivunia.

Bosi kapita, kaangalia ubao wa alama, kaniambia mzee bado una kasi. Miwani kakohoa. Kikohozi cha wivu, nakijua.

Jumanne, 7 Mei

Mama mkwe bado yuko kwenye chumba changu cha kazi. Mwezi wa tatu, tangu avunjike nyonga. Kwake ni ghorofa ya tatu, ngazi hamsini na nne, lifti hakuna. Mtaalamu wa viungo kamwambia wazi: siku atakayopanda ngazi ishirini bila kushikwa, ruhusa ya kurudi kwake. Jana kafika kumi na moja. Anapataka kwake kuliko dawa, kuliko usingizi. Anafanya mazoezi hata tukiwa tunakula. Meza inatikisika, chai inamwagika, hakuna anayethubutu kusema.

Nakiri: na mimi nataka aende. Si kwa ubaya. Ananipenda, na hapo ndipo shida ilipo. Ananikagua. Shati, soksi, ninavyotafuna.

Gari la hospitali humchukua kila Jumatatu na Alhamisi, saa mbili asubuhi. Ratiba ya gari hilo inaendeshwa na programu yetu. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, safari zake ziko mikononi mwangu. Kaitazama mikono yangu.

Jumatano, 8 Mei

Mawakala wamepata adabu! Zamani walikuwa wananiletea mabadiliko ya mistari mia nne, Naibu anawarudishia. Sasa kila kitu kifupi. Nimemwonyesha Miwani. Kauliza kwa nini kila badiliko langu lina mistari tisa. Si minane, si saba. Tisa, tisa, tisa, ukurasa mzima. Nimemwambia hiyo inaitwa nidhamu. Kasema mh. Sipendi mh yake.

Nyumbani, mama mkwe kapata ujumbe wa hospitali kwenye simu: "Mgonjwa mpendwa, jibu NDIYO kuthibitisha safari ya kesho." Hajajibu. Kasema hawezi kumjibu mtu aliyeingia bila hata shikamoo. Mke wangu kamwambia mama, hiyo ni mashine. Mama kasema basi aliyeitengeneza hakulelewa.

Nikainamia sahani yangu.

Alhamisi, 9 Mei

Balaa.

Saa tatu kasoro, mke wangu kapiga simu. Gari halijaja. Mama yuko getini tangu saa moja na nusu, kavaa, kajifunga kilemba, mkoba mkononi, hataki kiti kwa sababu akikaa kuinuka ni kazi. Nimempigia dereva. Kasema baba, mimi naenda kwa orodha, na kwenye orodha hayupo. Akaongeza kwamba leo gari lote lina watu wawili, kwa kawaida ni ishirini na sita, kwani wagonjwa wote wamepona?

Mke wangu kaomba gari la jirani. Wamefika, zamu ya mama imekwisha, mtaalamu yuko na mwingine. Wakarudi.

Nimefika nyumbani, mama yuko chumbani, mlango umefungwa. Meza ya chakula imetulia. Sijawahi kuichukia meza iliyotulia namna hii.

Ijumaa, 10 Mei

Asubuhi mpango ulikuwa hivi: kusema ni hitilafu ya mtandao. Mpango wa pili: kusema ni Miwani. Nilikuwa nimeshaandika nusu ya barua. Ya kumshtaki Miwani. Mungu anisamehe.

Miwani kaja kabla sijaimaliza. Kavuta kiti, kafungua mabadiliko yangu yote ya wiki, kayaunganisha kama vipande vya sahani iliyovunjika. Vipande arobaini na kimoja. Wakala alikuwa na badiliko moja kubwa la kupanga ratiba ya gari. Aliporudishiwa mara mbili tatu akaona vifupi vinapita, akalikatakata. Kipande kimoja kinatuma ujumbe: hakina ubaya. Kingine kinahifadhi jibu: hakina ubaya. Kingine kinasema asiyejibu ahesabiwe amejibu hapana. Kingine, siku ya pili yake, kinasema aliyejibu hapana aondolewe kwenye orodha ya gari. Kila kimoja peke yake malaika. Ukiviweka pamoja, vimewaacha wazee ishirini na wanne getini.

Miwani kaniuliza taratibu: kaka, uliyasoma? Nikafungua mdomo. Mdomo ukakataa kudanganya, mara ya kwanza mwaka huu.

Nikaenda kwa Bosi, nikasema yote. Naibu, mistari kumi, mpaka ile "tuwe waangalifu". Hapo kwenye uangalifu Bosi kafunga macho. Kasema nirudi Jumatatu, atakuwa amepoa. Kawapigia hospitali mbele yangu, wakaahidi kuwapigia wagonjwa wote mmoja mmoja mpaka turekebishe.

Nyumbani nikabisha mlango wa chumba. Nikamwambia mama, aliyekufuta kwenye orodha ni mimi. Kauliza, wewe au mashine yako? Nikasema mashine ilifanya, lakini aliyepaswa kusoma ni mimi, na sikusoma. Kanitazama kutoka juu mpaka chini. Kisha kasema nile, nimekonda kwa uongo. Na soksi zangu hazifanani.

Nimelia kidogo bafuni. Maji nilifungulia.

Jumatatu, 13 Mei

Bosi kapoa, nusu. Sifukuzwi. Jina langu limefutwa kwenye ubao wa alama. Hukumu: nikae na Miwani, tusome vipande vyote arobaini na kimoja kwa macho, mstari kwa mstari, kwa sauti. Naibu kahamishiwa kwa Miwani! Bosi kasema mashine haina kosa, inaweza kabisa kutangulia kukagua, lakini iangalie kazi nzima si kipande, na baada yake asome mtu. Miwani kaifundisha hayo mchana mmoja. Sasa Naibu anaandika maelezo marefu yenye akili. Kwangu hakuwahi. Nimeumia, lakini nimeumia kimya.

Gari limekuja, karani wa hospitali kapiga simu mwenyewe. Mama kapanda ngazi tisa. Kutoka kumi na moja. Mtaalamu kasema siku moja ikirukwa, mguu unakumbuka uvivu haraka. Mama hakunitazama wakati mke wangu ananisimulia. Afadhali angenitazama.

Jumatano, 15 Mei

Siku ya tatu ya kusoma kwa sauti. Koo limekauka. Lakini nakiri jambo la ajabu: inapendeza. Kipande cha kumi na saba, nikamwambia Miwani simama hapo. Palikuwa na mstari unaowapanga wagonjwa kwa kasi ya kujibu, anayejibu upesi anachukuliwa kwanza. Wazee wangekuwa wa mwisho daima. Miwani kavua miwani, kaifuta, kasema kaka, hilo mimi lilinipita. Nimeliandika hapa ili nilisome nikiwa na huzuni.

Tumerekebisha yote. Asiyejibu habaki nyumbani tena: gari litamfuata, ila kwanza karani ampigie ndugu yake kuhakikisha. Nami nikapendekeza ujumbe uanze kwa salamu. Bosi kacheka, kakubali. Kesho wazee wataamkiwa.

Alhamisi, 16 Mei

Wameamkiwa. Ujumbe umeingia: "Shikamoo. Gari linakuja saa mbili. Jibu NDIYO." Mama kafurahi, kavaa miwani yake ya kusomea, kajibu kwa kidole kimoja: MARAHABA. Kaweka simu chini, kazi imekwisha.

Wazee kumi na tisa wamejibu marahaba. Mashine inasubiri ndiyo. Kwa hiyo karani kawapigia ndugu kumi na tisa. Ndugu wa mama aliyeandikwa ni mimi.

Si neno. Gari limekuja. Ngazi kumi na nne! Mke wangu kapiga simu anapiga vigelegele, karani naye yuko kwenye laini nyingine ananisubiri. Jioni meza ilitikisika mpaka kijiko kikaanguka. Nilikiokota nikicheka, mama akacheka, akaniambia nikunje shati vizuri.

Nimeapa: kuanzia leo nasoma kila kitu kwa macho yangu. Kila kitu.

Jumanne, 21 Mei

Jana ngazi kumi na saba! Bado tatu tu. Mama kaanza kukunja nguo zake. Miwani kaniletea chai mezani, na Bosi kanirudishia jina langu kwenye ubao. Mabadiliko matano, yote nimeyasoma.

Tatizo limebaki moja, karani. Mama hakubali kuandika ndiyo, anasema salamu ina jibu lake. Karani kanipigia mara tisa tangu Alhamisi, ana sauti nzuri lakini anauliza sana. Basi leo asubuhi, kabla ya kazi, nimeweka kitu kidogo kwenye simu ya mama. Si Naibu, hapana, Naibu nimemwacha. Hiki ni kidogo mno, mistari sita tu. Ujumbe wowote ukitoka hospitali, simu inajibu NDIYO yenyewe. Mama hasumbuki, karani hasumbuki, mimi nasoma kazi yangu kwa utulivu.

Nimekijaribu, kinafanya kazi vizuri ajabu. Hapo hapo ujumbe ukaingia, mrefu, salamu ndefu, kisha: "Je, ungependa kusitisha mazoezi ya hospitalini na badala yake mtaalamu akufuate hapo unapoishi sasa, kwa muda wa miezi sita, ukisaidiwa kila siku na mkwe wako aliyeandikwa..." Nilikuwa bado natafuta miwani niusome mpaka mwisho, simu ikawa imeshajibu.

Upesi ulioje! Hata Miwani hawezi.