Kila Njia ya Kuikwepa Regina

Ijumaa, 4 Aprili

Leo tumefungua osmica, kilabu chetu cha uani cha siku chache. Baba ametundika tawi la mtambaazi kule njia panda, ishara kwamba tunauza, na kabla ya saa sita mchana ua wetu umefurika. Siku kumi tu tunaruhusiwa kuwauzia watu vya kwetu wenyewe: mvinyo, paja la nguruwe la kukaushwa, mayai ya kuchemsha. Siku kumi wageni wananiuliza nimerefuka lini. Sijui! Haikutokea siku moja.

Shuleni tunasoma kwa Kislovenia na Kiitaliano, kwa hiyo naweza kunyamaza kwa ufasaha katika lugha mbili. Leo nimezitumia zote.

Habari kubwa. Nona, bibi yangu mzaa baba, anatimiza miaka themanini mwaka huu, na familia nzima tutampeleka kuzunguka Mediterania kwa meli. Mwezi Juni. Baba kaweka vijitabu viwili mezani. Meli ya kwanza inaitwa Regina: ghorofa kumi na tano, mitelezo saba ya maji. Ya pili Contessa: ndogo, ya kizamani, ina maktaba ya vitabu mia nne. Jumapili ya wiki ijayo, siku ya kuteremsha tawi, tutapiga kura. Tuko sita: Nona, Baba, Mama, shangazi Majda, mwanawe Erik, na mimi.

Sikuwa na neno mpaka Mama aliposoma ukurasa wa tisa wa Regina. Vijana wote wa miaka kumi na tatu hadi kumi na saba wanaingizwa kwenye klabu. Wanavaa beji. Jioni ya kwanza kila mmoja anapanda jukwaani, anashika kipaza sauti, anajitambulisha na kuonyesha kipaji chake. Mama akanigeukia, macho yanang'aa. Akasema hiki ndicho kitakachonifungua.

Mimi si chupa!

Nina miaka kumi na mitano. Mwaka jana kwenye mchezo wa kuigiza shuleni nilipewa maneno mawili tu: "Mgeni amefika." Nikaganda nyuma ya pazia. Mgeni akafika mwenyewe, akasimama, akangoja, akaondoka. Watu walipiga makofi kwa huruma.

Sipandi Regina. Nimeapa.

Jumamosi, 5 Aprili

Mpango wa kwanza. Mwepesi, safi. Kijitabu cha Regina nimekiweka chini ya bomba la pipa linalovuja. Bahati mbaya, ajali, nani wa kulaumiwa?

Mama amekikuta kimelowa chapachapa. Akakianika juu ya jiko, ukurasa mmoja mmoja, kwa upole ambao hajawahi kunionyesha mimi. Kimekauka kimevimba mara tatu. Sasa kila mgeni anauliza ni kitabu gani hicho kinono, anakifungua, anaona mitelezo, anasema aa!

Cha Contessa kimelala pembeni, kimekonda. Hakuna aliyekigusa.

Jumapili, 6 Aprili

Mpango wa pili, na huu una akili. Hapa kwetu watu wanakula mayai kama wana kisasi na kuku. Nikaweka mabakuli mawili. Moja nimeliandika REGINA, jingine CONTESSA. Ukimenya yai, unatupa ganda kwenye meli unayoipenda. Wageni wetu wengi ni wazee. Wazee wanapenda utulivu. Hesabu yangu ilikuwa hivyo, na sikulazimika kusema neno hata moja.

Erik akaligundua bakuli saa tano. Akakaa karibu na Regina akaanza kula. Nilimwambia (kwa macho) kwamba huo ni wizi wa kura. Akasema kwa mdomo uliojaa, "Demokrasia ina njaa, Konokono." Ananiita Konokono tangu darasa la pili.

Kala mayai kumi na manne. Kumi na manne!

Bakuli la Contessa nililiweka chini, karibu na mlango, kwa ajili ya wenye magoti mabovu. Kumbe ni njia ya mbwa wa jirani. Alikula kura zangu zote, na kipande cha bakuli.

Jumatatu, 7 Aprili

Erik anaumwa tumbo. Nilipaswa kumhurumia. Nimejaribu mara mbili.

Lakini matokeo ya mpango ni mabaya kuliko tumbo lake. Baba kanisifu mbele ya watu. Eti nimebuni kitu, nimewachangamsha wageni, ua mzima umecheka. Mama akadakia kwamba kama nimeweza hivi nyumbani, je, ndani ya Regina? Shangazi Majda akasema mtoto huyu ana kipaji cha jukwaani, kimejificha tu.

Kimejificha kwa sababu nimekificha!

Hesabu ya leo: Erik Regina, shangazi Regina, Mama Regina. Baba anataka Contessa kwa kuwa ngazi ni chache. Mimi Contessa. Nona hasemi. Anamenya mayai, anatazama mbali.

Jumatano, 9 Aprili

Leo nimefanya jambo. Naliandika hapa ili liwe limesemwa mahali.

Baba hana nafasi, mikono yake imejaa chumvi na mafuta ya nyama. Akanipa simu. Akaniagiza nimpigie wakala wa safari kule mjini Trieste, niulize kama meli zote mbili zina vyumba mwezi Juni. Dakika mbili, akasema. Kiitaliano changu ni kizuri kuliko chake, akasema.

Nikashuka kwenye chumba cha mapipa. Nikaandika kwenye karatasi: "Habari za asubuhi, jina langu ni Jerneja." Nikafanya mazoezi. Nikaona "habari za asubuhi" inasikika kama uongo, maana saa sita ilikuwa imepita. Nikafuta. Nikaandika "habari za mchana". Nikakaa dakika arobaini nikilitazama pipa. Namba sikuibonyeza.

Nikapanda juu. Baba akauliza, enhe? Na mdomo wangu, ambao kwa mwaka mzima hautoi sentensi iliyokamilika, ukatoa tatu kwa mpigo: Contessa ina nafasi Juni. Regina imejaa. Regina imebakiwa na safari ya tarehe ishirini Septemba tu.

Septemba! Sijui ilitoka wapi. Lakini nilipoisikia nikajua ni kazi ya fundi. Septemba hapa kwetu ni mavuno ya zabibu. Mtu wa vilima hivi anaweza kukosa harusi yake mwenyewe, wala hakuna atakayemsema. Akikosa mavuno, watoto wa wajukuu zake watakuja kuulizwa alikuwa wapi.

Alhamisi, 10 Aprili

Ushindi! Baba kasema hao wenye meli wamerogwa, nani anasafiri Septemba? Shangazi Majda kasikitika. Mama kafunga ukurasa wa tisa kwa huzuni. Erik kauliza mara tatu kama nilisikia vizuri. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Konokono, ukiniongopea nitakutia chumvi." Nikamwonyesha uso wangu mtupu. Ninao uso mzuri kwa kazi hiyo.

Nimekula vipande sita vya paja. Nimechagua vitabu vinne nitakavyosoma Contessa. Dhamiri yangu iko kimya, imefanana na mwenyewe.

Nona tu ndiye aliyeacha kumenya yai katikati. Akauliza: tarehe ngapi Septemba?

Jumamosi, 12 Aprili

Nona kaniita jikoni, akafunga mlango. Nikajua nimeshikwa.

Sikushikwa. Ingekuwa nafuu.

Aliniambia amevuna zabibu tangu ana miaka tisa. Misimu sabini na moja, hajakosa hata mmoja. Baba alizaliwa Jumanne. Alhamisi Nona alikuwa shambani na mkasi, mtoto yuko kwenye kapu la zabibu. Kutoka safu za juu za mizabibu yetu bahari inaonekana yote, na kila Septemba meli zinapita, nyeupe, watu wamejipanga ukingoni wanapunga mikono. Naye akawa anawapungia mkasi.

"Wao wakidhani nawasalimia," akasema. "Mjukuu wangu, nilikuwa nawatukana."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema hajawahi kuiona Septemba akiwa amesimama wima. Akasema Juni haimfai kitu, Juni hata kuku wanapumzika. Alikuwa ameona haya kumwambia Baba. Angepokea meli yoyote, akaenda, akarudi, akashika mkasi. Ila sasa Mungu kaleta Septemba mwenyewe, kwa mdomo wangu. Kesho atasimama aseme: Regina, tarehe ishirini.

Akanibusu kipaji cha uso. Mikono yake inanuka mayai.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Akadhani napiga mwayo, akanituma nikalale, na ilikuwa saa tisa mchana.

Hakuna Septemba! Yaani, huenda ipo. Sijui. Mimi ndiye niliyeibuni, na sasa bibi wa miaka themanini ameihamia na mizigo yake.

Jumapili, 13 Aprili

Tawi limeteremshwa. Kura imepigwa juu ya meza ambayo bado ina makombo.

Nona kasimama. Kasema. Baba akawa mweupe kuliko mvinyo wetu mweupe. Akauliza, na zabibu, mama? Nona akajibu kwamba zabibu hazimjui kwa jina. Baba akasema msimu bila yeye hauwezekani. Nona akasema atakapokufa watavuna na nani, watamfukua? Mama akajaribu shule: Septemba watoto watakosa wiki nzima. Nona akasema yeye alikosa miaka minne kwa sababu ya zabibu hizo hizo, na hakuna aliyeandika barua kwa mwalimu.

Shangazi Majda alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Baba akatoka akaenda shambani. Tukamwona dirishani anatembea kati ya mizabibu, anaongea nayo kama mtu anayeomba ruhusa. Baada ya saa nzima akarudi. Akasema, bila kumtazama yeyote, nyeupe inaweza kuvunwa mapema, na nyekundu itasubiri mpaka turudi. Nona akasema hiyo nyeupe wavune wenyewe, yeye atakuwa anakunja nguo. Kisha akamshika Baba mkono, na Baba akaulaza uso wake juu ya mkono ule kama mtoto.

Kura sita kwa Regina. Ndiyo, na yangu. Ungenyooshaje mkono kwa Contessa mbele ya uso ule?

Erik amenikumbatia. Bado ananuka mayai.

Jumatatu, 14 Aprili

Saa tatu kamili ofisi ya wakala ilipofunguliwa, nilikuwa nimesimama barabarani na simu. Kama Septemba imejaa, nimemuua Nona kwa mdomo wangu. Nikabonyeza. Sikuwa na karatasi.

Mama mmoja akapokea. Nikasema habari za asubuhi, na ilikuwa asubuhi kweli. Nikasema tuko sita, bibi yangu ana miaka themanini, hajawahi kuiona Septemba. Sijui kwa nini nilimwambia hilo. Nikaendelea. Nikamweleza mkasi, kapu, meli nyeupe. Nimeongea dakika kumi na moja! Mwisho nikasikia anapenga kamasi. Akasema Regina ina vyumba tarehe ishirini Septemba, na bibi atapewa cha dirisha kubwa. Akasema pia Juni ipo tele, meli zote mbili, kama tungependa.

Nikasema hatupendi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Nona nikamwungamia yote. Chumba cha mapipa, dakika arobaini, Juni, uongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua yai, akaligonga mezani, akaanza kulimenya.

"Umemwambia baba yako?"

Bado, nikasema.

"Basi nyamaza, mwanangu. Kila mtu ana kipaji chake."

Jumatano, 16 Aprili

Baba hajui kitu. Amenitangaza kijiji kizima kuwa ndiye mwenye kuongea na watu wa mjini, na akanipa fomu za abiria nizijaze. Nimejaza tano kwa mwandiko mzuri. Nona, miaka themanini, hana mzio, chumba cha dirisha.

Ya sita ni yangu. Nimesoma kila mstari kwa utulivu. Klabu inaanzia miaka kumi na tatu. Kwenye kisanduku cha umri nikaandika kumi na miwili. Tarakimu moja tu! Haimdhuru mtu. Nikaifunga bahasha, nikaipeleka posta kwa mguu, nikarudi napiga mluzi.

Jioni nimesoma ukurasa wa nane. Walio chini ya miaka kumi na tatu wanavaa fulana za njano zenye picha ya pomboo, na wanaimba jukwaani kila jioni. Kila jioni! Safari nzima!

Si neno. Sijababaika hata kidogo. Kesho saa tatu kamili nitampigia yule mama wa ofisini, nimweleze taratibu, kinagaubaga, kwamba mimi ni bubu.