Mguu Laini na Klachi ya Japani

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi ya Mbeya mwezi huu si ya mchezo. Nimeomba, nimekunywa chai, nimetoka kuiangalia pikapu. Imekojoa tena! Dimbwi la oili chini ya gia boksi, jeusi, pana kuliko la jana.

Si wakati wake kabisa. Jumamosi tunakwenda Kalenga kupeleka mahari ya Philbert, mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea mwenyewe. Na mshenga ni mimi. Mimi, Eliezeri! Nimechaguliwa na ukoo mzima, ukiacha wale wawili waliosema wanaumwa.

Kuna jambo moja dogo. Tulipopeleka barua ya posa tulichelewa. Niliwapitisha njia ya mkato, na ilikuwa njia nzuri sana, tatizo lilikuwa daraja. Wakwe wakatupiga faini. Mzee Kihwele, baba wa binti, akasema kwa upole kabisa kwamba tukichelewa mara ya pili ataturudishia barua yetu, maana Catherine ana watu wengine wanaomuulizia. Safari hii tumepewa mwisho saa sita mchana.

Philbert hali, halali. Kila akiniona anauliza, baba mdogo, gari ni zima? Nimemwambia gari ni zima kuliko yeye.

Mchana nimeipeleka gereji kwa fundi Othmani, pale Mwanjelwa. Ndiyo kwanza amerudi kazini baada ya Idi, bado ananukia pilau. Amelala chini ya gari, ametoka, amesema sili, ile mpira inayozuia oili, imekufa. Gia boksi lazima ishuke.

Ishuke tu. Bwana atatupigania.

Jumanne, 10 Juni

Leo nimejaribiwa. Nakueleza wewe tu, daftari langu.

Othmani amenipigia simu asubuhi. Nimemkuta ameshashusha gia boksi, imelala juu ya gunia. Akaniita karibu kama anayetaka kunionyesha maiti. Akanionyesha sahani ya klachi. Imeliwa hadi misumari yake inachungulia, halafu imeloa oili. Akasema, mzee wangu, kazi yenyewe ni hii ya kushusha. Tumeshashusha. Kubadili klachi sasa ni kutoa ya zamani na kuweka mpya, kazi ya kumaliza kabla ya kikombe cha chai kupoa. Ukikataa leo utarudi, nami nitashusha upya, na utanilipa upya. Akaapa kwamba hata gari lingekuwa la mama yake angembadilishia.

Sasa uelewe. Klachi ile si klachi ya kawaida. Ni ile ile iliyokuja na gari kutoka Japani! Miaka yote hii sijaigusa. Watu wanaunguza klachi kwa sababu wana miguu mizito, wanakanyaga pedali kama wanaua nyoka. Mimi mguu wangu ni laini. Nimelisema hili kwenye kamati ya ujenzi wa kanisa. Nimelisema msibani. Mwaka juzi nililisema hata kwenye ushuhuda wangu wa mwisho wa mwaka, na watu wakaitikia amina.

Lakini Othmani alinilainisha. Nakiri nilishaingiza mkono mfukoni. Fedha ya klachi nilikuwa nayo.

Mara nasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Andendekisye! Mzee mwenzangu wa kanisa. Tunakaa benchi moja tangu ujana, na tangu ujana anakaa upande wa dirisha. Alikuja kujaza upepo. Jumamosi anatusindikiza na lile gari lake linalobadili gia lenyewe, gari la mtu mvivu. Akainama, akaitazama sahani, akaguna. Akasema mbele ya mafundi wote: kaka Eli, kumbe leo ule mguu wa malaika umechoka? Mafundi wakacheka. Akaongeza kwamba gari lake lina pedali mbili tu, kwa hiyo hana cha kuunguza. Halafu, kwa huruma ya uongo, akanishauri nibadilishe tu, umri nao umeenda.

Nilitoa mkono mfukoni. Nikamwambia Othmani: rudisha kama ilivyo.

Othmani akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mwanamume hasemi mara mbili. Akasema sawa, basi angalau aioshe kwa petroli. Akaiosha, huku akizungumza peke yake kwa Kiarabu. Nadhani alikuwa akinibariki.

Alhamisi, 12 Juni

Pikapu imerudi. Haivuji hata tone. Nimezunguka mtaa mzima, klachi inashika vizuri kabisa! Nimepunga mkono kwa kila mtu, hata nisiowajua.

Na fedha niliyookoa nimeifanyia jambo la maana. Nimefunga ngao mbele ya gari. Ya chuma, inang'aa, unajiona uso mzima. Mshenga lazima aonekane anapokuja.

Damari, mke wangu, alitoka na mwiko mkononi, akaitazama, akaniuliza hiyo inasaidia nini. Nikamwambia inakinga. Akauliza inakinga klachi? Nikaendelea kuing'arisha. Nadhani amezungumza na mke wa Andendekisye kwenye kikundi cha akina mama.

Jioni nimesali sana. Neno la siku lilihusu kutunza ulichopewa. Nililisoma polepole, nikaangalia nje dirishani. Nilipewa klachi, nimeitunza. Nani mwingine kanisani anaweza kusema hivyo?

Ijumaa, 13 Juni. Ipogoro, chini ya mji wa Iringa

Tumefika, namshukuru Mungu. Tumelala huku chini, kesho tunapanda mlima wa kuingia mjini, halafu Kalenga. Ni karibu. Tungeweza kutembea.

Safari ilikuwa njema. Nyuma nilipakia blanketi la babu, mashuka ya bibi, jembe, na beberu wa nguvu. Philbert na Damari nilikaa nao mbele. Andendekisye alifuata. Hadi Igawa sina neno. Kuelekea Makambako ndipo pikapu ikaanza tabia. Nakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari linakwenda kama linafikiria. Philbert akauliza, baba mdogo, klachi inateleza? Nikamwambia ni upepo wa Makambako, unajulikana nchi nzima. Tulipofika Mafinga hapakuwa na upepo. Nikasema ni beberu, ni mzito kuliko anavyoonekana.

Harufu nayo ilikuwapo. Kama nywele zinaungua. Damari akafunga pua kwa kitenge, akanitazama. Nikamwambia ni breki za lori lililo mbele. Akasema mbele hakuna lori. Nikamwambia limeshapita.

Andendekisye alikuja dirishani tulipopumzika. Akajitolea kuhamishia mizigo na watu wote kwenye gari lake, ili pikapu ibaki Mafinga kwa fundi. Yaani mshenga ashuke kwenye gari la Andendekisye mbele ya wakwe, kama mtoto wa shule! Nikamwambia ahsante sana, ndaga, lakini mguu wangu unaijua hii njia.

Philbert amelala chumba cha jirani. Namsikia anavyogeuka kitandani.

Jumamosi, 14 Juni

Siku kuu! Naandikia Kalenga.

Tuliondoka mapema. Mlima wa Ipogoro tulifika nusu. Hapo klachi ikaondoka. Haikuteleza, iliondoka. Injini inanguruma kama simba, gari limesimama kama nyumba. Moshi. Beberu analia. Daladala zinatupigia honi, makonda wananishauri niuze. Philbert aliketi pembeni ya barabara, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Hakunilaumu. Angenilaumu ningejisikia nafuu.

Nikaomba kimoyomoyo. Nilipofumbua macho nikamwona Andendekisye anafungua buti, anatoa kamba. Hakucheka. Alisema kitu kimoja tu, kwamba saa nne imeshapita, kaka, tufunge.

Basi tukavutwa. Kuvutwa na gari la pedali mbili! Tumepita katikati ya mji wa Iringa, mimi nimeketi wima, nikishika usukani kwa heshima, ili watu wadhani ni mimi ninayelisukuma lile la mbele.

Sasa sikiliza akili niliyopata. Nyumba ya mzee Kihwele ipo chini ya mteremko. Nikampigia honi Andendekisye asimame juu, kabla wakwe hawajatuona. Nikafungua kamba. Nikamwambia atangulie, aegeshe, mimi nitaweka gia huru niteremke mwenyewe. Gari litaingia kimya, kistaarabu, hakuna atakayejua. Damari alishuka hapo hapo, akasema atakuja kwa miguu. Philbert alitaka kushuka, nikamwambia bwana harusi haji kwa miguu.

Tukateremka. Kimya! Raha! Ngao inang'aa juani. Nilikuwa nimesahau mambo mawili. La kwanza, injini ikiwa imezimwa breki nazo zinakuwa ngumu kama jiwe. La pili ni desturi ya wakwe. Mashangazi hukaa langoni na kitenge kilichotandazwa kuziba njia, na mshenga lazima asimame, abembeleze, atoe chochote, ndipo kitenge kiinuliwe.

Nikawaona. Shangazi Roza yupo katikati, mwili wa kutosha, anaimba. Nikakanyaga breki. Hakuna. Nikapiga honi. Wakadhani ni furaha, wakaimba zaidi! Nikatoa kichwa nje nikapaza sauti, kamwene, kamwene, maana salamu hiyo tu ndiyo Kihehe ninachokijua. Wakaitikia kamwene! Tulikuwa karibu sana pale shangazi Roza alipoelewa. Sijawahi kuona mwanamke mkubwa akiruka vile. Kitenge kilibaki kwenye ngao. Tukapita langoni, tukapita kati ya viti, kuku wakapaa, tukaingia kwenye lundo la mahindi yaliyokuwa yanasubiri kupukuchuliwa. Pikapu ikasimama. Taratibu. Mguu laini.

Saa tano na nusu! Nikashuka, nikatangaza kwamba tumewahi.

Shangazi Roza alikuwa anajipangusa vumbi. Akasema tangu azaliwe hajaona mshenga anayevunja mlango. Akasema hawa watu wa Mbeya wamekuja kuoa au kuteka? Wanaume wa upande wao wakasimama. Mzee mmoja akasema barua irudishwe sasa hivi, na mashuka yao wachukue. Nilimwona Catherine dirishani, mkono mdomoni. Philbert alitoka ndani ya mahindi, akapiga magoti pale pale, hana kiatu kimoja.

Nikafungua mdomo kueleza kuhusu upepo. Wakanikataza. Mshenga mwenye kosa hasemi mpaka faini ilipwe. Wakaniketisha kwenye kigoda, peke yangu, nimetazama ukuta.

Aliyesema ni Andendekisye. Damari anasema alivua kofia. Mimi nilisikia tu, maana nilitazama ukuta. Aliwaomba radhi shangazi Roza na mama wote kwa majina ya ukoo. Akawaambia ukweli wote, klachi, kamba, mteremko. Akasema mtu huyu ni mjinga wa magari, lakini alimlea kijana huyu tangu hajaota meno ya pili, na amekuja na gari lisilokwenda kwa sababu aliogopa kijana asionekane amekuja kwa gari la kuazima. Sikuwahi kumwambia hivyo. Sijui aliyatoa wapi.

Halafu nikasikia shangazi Roza anacheka. Alianza taratibu, ikawa kicheko cha kushika mbavu. Akauliza, kwa hiyo ile kamwene alikuwa anatuomba tukimbie? Wakacheka wote, hadi mzee Kihwele.

Beberu akawa faini. Beberu mwingine tutaleta kwenye harusi, na kitenge kipya, na mahindi tutayapukuchua wenyewe. Mahari imepokelewa. Harusi ni mwezi wa nane!

Jioni nikamwambia Damari kwamba kumbe ukimya wangu pale ukutani umewagusa sana. Damari alijifunika kitenge gubigubi. Amechoka na safari, nadhani.

Jumapili, 15 Juni

Sijaenda kanisani, Bwana anisamehe, nimepukuchua mahindi mchana kutwa. Philbert na Andendekisye wamesaidia. Andendekisye anapukuchua haraka lakini hana mpangilio.

Fundi ametoka Iringa mjini akashusha gia boksi hapa hapa uani. Sahani ya klachi imetoka vipande vipande. Ameweka mpya. Nililipa kazi ya kushusha mara ya pili, kama Othmani alivyosema, lakini hilo si la kuandika.

Nilipokuwa napukuchua nimewaza sana, na Mungu amenifunulia. Fikiria. Klachi ilikaa miaka yote bila neno. Siku ilipofunguliwa na Othmani, ikaonyeshwa watu, ikaoshwa kwa petroli, siku chache baadaye imekufa. Sasa kosa ni la nani? Klachi ile ilikufa kwa aibu! Ingeachwa gizani ingekuwapo hadi leo. Nimemweleza fundi wa Iringa. Amesema hajawahi kufikiria hivyo.

Jumatano, 2 Julai. Mbeya

Leo nimeheshimiwa, lazima niandike.

Mzee Kihwele amenipigia simu mwenyewe. Siku hizi ananiita mshenga wetu. Lori lake dogo, litakalomleta Catherine na mashangazi kwenye harusi huku Mbeya, liko gereji. Gia boksi imeshushwa, inavuja. Fundi anamwambia abadili na klachi, maana imekwisha. Akasema, mshenga wetu, wewe yamekukuta, unasemaje?

Nilivuta kiti. Nilimweleza yote, taratibu, tangu mwanzo, kuhusu mafundi na tamaa zao, kuhusu petroli, kuhusu mguu. Nikamwambia hatari yote ni kuigusa. Warudishe kama ilivyo, tena upesi, bila kuitazama. Alinishukuru sana. Saa hii kashanipigia tena kuniarifu kwamba imerudishwa.

Nimemwambia Damari kwa sauti, Andendekisye asikie, maana alikuwa amekuja kunywa chai. Andendekisye aliweka kikombe chini. Alitoka uani akaanza kukunjua kamba yake, anaipima urefu.

Wivu ni kitu kibaya. Nitamwombea.