Kabati Langu Halina Tatizo

Jumatatu, 6 Mei

Mkutano wa mafundi wa maabara, saa mbili asubuhi. Kulikuwa na chai. Chai ya bure! Hapo ndipo nilipoanza kushtuka. Miaka kumi na minane nimeshika funguo za maabara ya kwanza ya kemia katika chuo hiki, na sijawahi kupewa chai bila kunyang'anywa kitu.

Mkuu wa idara akatangaza ukaguzi wa usalama wa ushirikiano. Hakuna mkaguzi wa kutoka nje. Tutakaguana wenyewe kwa wenyewe, fundi wa maabara hii na fundi wa maabara ile, tukitembea pamoja na fomu moja. Hakuna alama, hakuna barua ya onyo. Kasoro ikiandikwa inatengenezwa, maana vifaa vipya vimeshafika stoo. Wenzangu wakapiga makofi. Nami nikapiga, kidogo.

Danganya toto. Barua tatu nimeandika kuomba kabati jipya la kuvuta moshi, hazikujibiwa. Leo ghafla wanazitamani kasoro zangu? Kwa nini wasisome barua?

Na atakayenikagua ni nani? Mama Lebo wa maabara ya pili, tunayepakana ukuta. Jina hilo nimempa mimi. Anabandika lebo kwenye kila kitu, hata kikombe chake kimeandikwa "kikombe". Inasemekana maabara zetu mbili zitaunganishwa zipate msimamizi mmoja. Inasemekana na nani? Na mimi. Lakini dalili ya mvua ni mawingu.

Jumanne, 7 Mei

Niandike ukweli humu, maana humu hasomi mtu. Kabati langu limekufa tangu mwaka jana. Ni lile la kioo tunamochanganyia dawa kali, injini yake ivute moshi ukatokee juu ya paa. Sasa haivuti. Moshi unatokea puani mwangu. Nakohoa kuanzia saa tatu hadi saa kumi, nikifika nyumbani naendelea. Mke wangu amelipiga marufuku koti langu la kazi lisivuke mlango.

Nilipomsimulia habari ya ukaguzi akafurahi. Akasema basi nimwambie huyo mama kabati ni bovu, mambo yaishe. Nikamwambia hajui siasa za maabara. Akasema na kifua hakijui siasa, akazima taa.

Hata yeye! Au kuna mtu amezungumza naye? Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, 8 Mei

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimejua kabati hupimwaje: mkaguzi anashika kipande cha karatasi laini ya chooni mbele ya mdomo wa kabati. Karatasi ikivutwa ndani, kabati zima. Ikining'inia tu, limekufa.

Nimechukua feni ya sebuleni wakati mke wangu yuko sokoni. Nimeifunga nyuma ya kabati, kwenye tundu la bomba, uso ukitazama ukutani ili ivute. Nimejaribu na karatasi. Imevutwa! Nimecheka peke yangu mpaka kikohozi kikanikalisha chini.

Bomba la kuoshea macho nalo linatoa maji ya kutu. Nimelifunika kwa kitambaa cheupe na kuweka chombo cha maua juu yake.

Alhamisi, 9 Mei

Mama Lebo amefika saa nne kamili. Hachelewi, na mtu asiyechelewa ana lake jambo. Amenisalimu vizuri, akauliza hali ya wifi yake, yaani mke wangu, maana mumewe anatoka kwa kina mke wangu. Ameuliza pia kikohozi changu. Nimemjibu ni vumbi.

Ameyasifu maua. Hakuyagusa. Amesogea kwenye kabati, akashika karatasi. Ikavutwa ndani vizuri. Kisha ikaegemea kulia. Ikarudi katikati. Ikaegemea kushoto. Nilisahau kuizuia ile feni isigeuze shingo!

Nikamwambia toleo hili ndivyo linavyopumua. Akaitazama karatasi muda mrefu, ikienda na kurudi. Akaniuliza taratibu kama kuna kitu chochote ningependa akiandike, chochote kile. Nikasema hakuna. Akauliza mara ya pili. Nikasema hakuna hata kimoja. Kwa nini anauliza mara mbili? Polisi ndio huuliza mara mbili.

Mstari wa kabati ameuacha wazi. Nimeona kwa macho yangu. Anatunza nafasi ya kunichongea.

Jumatatu, 13 Mei

Zamu yangu kumkagua. Nimeenda na kalamu mbili.

Maabara yake, kwa lebo zote zile, ina makosa chungu nzima. Taa inayopepesa. Kizima moto kilichopitwa na tarehe. Kabati lake linavuta, lakini kivivu. Nimeandika: "Halivuti hata kidogo." Mlango wa dharura umezibwa na maboksi. Nimeandika kwa herufi kubwa.

Cha ajabu, hakuumia. Alinishikia tochi nichungulie chini ya sinki. Nikiruka kasoro, ananikumbusha, tena anainama kunionyesha. Makosa kumi na tisa! Mengine amenitajia mwenyewe niandike. Mwishoni akanishukuru. Nilitoka pale nimelowa jasho. Mtu anayefurahia kusemwa amejificha nyuma ya kitu, ila sijajua ni kitu gani.

Fomu nimempelekea Mkuu kwa mkono wangu. Amesoma, akatikisa kichwa kwa huzuni. Leo nitalala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki.

Jumatano, 15 Mei

Mama Lebo amekuja na fomu yangu. Akafunga mlango. Nikaufungua.

Akasema kwa sauti ya chini kwamba feni ameiona siku ileile, na kutu ameiona chini ya maua, ila hakutaka kuandika jambo nililolikataa kwa mdomo wangu, maana ukaguzi wenyewe ni wa kusaidiana. Stoo kuna kabati moja tu jipya. Lake bado linavuta kidogo. Mimi ndiye ninayekohoa hadi anasikia upande wa pili wa ukuta, na kikohozi kile kinamnyima raha. Nikitia sahihi tu kwamba langu ni bovu, atamwomba Mkuu kabati lije kwangu. Ameshaandika kwa penseli, nami nipitishe wino.

Nikuambie kweli, shajara, moyo uliyumba. Nilifikiria kuvuta pumzi nzima. Machozi yakanilengalenga, na si ya dawa.

Halafu nikazinduka. Penseli! Penseli hufutika. Nikitia sahihi leo, kesho juu yake patakuwa pameandikwa nini? Kwamba nimeuza mitungi ya gesi ya maabara? Kwamba narudisha funguo? Nikachukua ufutio wangu, nikafuta, nikaandika kwa wino: "Kabati zima kabisa. Bomba zima kabisa. Maabara haihitaji kitu." Nikatia sahihi. Nikamwita mfagiaji awe shahidi, naye akatia yake.

Mama Lebo akaikunja fomu, akasema haya, mwenzangu, Mungu akupe afya. Kashindwa.

Ijumaa, 17 Mei

Siku mbaya. Tangu asubuhi mikokoteni inapita mbele ya mlango wangu, yote inaelekea kwa jirani. Taa mpya. Vizima moto viwili. Bomba jipya la kuoshea macho, linang'aa. Mwisho, kabati. La kioo kipana, injini bado ina karatasi ya kiwandani. Wabebaji walitua mlangoni kwangu wapumzike. Nimeligusa. Kisha wakalibeba, wakaingia nalo kule.

Mkuu amepita kunipa mkono. Akasema fomu yangu ya makosa kumi na tisa ndiyo iliyowarahisishia kazi, na maabara yangu ni mfano wa kuigwa, haitaguswa kwa miaka mitano. Nilitaka kumjibu, kikohozi kikachukua zamu. Akaninywesha maji, akasema nipunguze bidii.

Sasa nimeelewa mchezo wote. Mama Lebo alijua! Ndiyo maana alinishikia tochi! Huruma yake, penseli yake, yote mitego. Na mimi simwachii.

Saa tisa nimebandika sikio ukutani. Kabati lake jipya linanguruma. Mngurumo kabisa, wa kumsumbua mtu. Nimechukua fomu safi, nimeandika kosa la ishirini: "Kabati jipya la maabara ya pili lina kelele isiyovumilika, na chumba chenyewe ni kidogo mno kwa kifaa kile." Nimepigia mstari mara mbili.

Jumatatu asubuhi nampelekea Mkuu. Safari hii hachomoki.