Madungu Yageuzwe Yaelekee Bahari

Wananchi wote walitangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu, Mtundani, katika delta ya Rufiji, si kijiji tena. Ni Mji wa Kuteleza Mawimbini. Tangazo lilisomwa na Bwana Abbasi, Ofisa Mhamasishaji wa Mawimbi, mbele ya watu waliokuja wakidhani ameleta dawa ya wadudu wa mpunga. Mawimbi yenyewe hayakuwepo. Mtundani ni tope na mikoko, na maji yake huingia kwa adabu na kutoka kwa adabu. Lakini waraka ulieleza kuwa mawimbi yako katika hatua za mwisho za upatikanaji, na waraka ulikuwa na muhuri.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kuvaa mitumba ya kafaulaya ya rangi yoyote, na kila ofisi ilikuwa mbioni kutafuta mwekezaji. Bwana Abbasi alikuwa ameona mji wa mawimbi kwenye kalenda ya ukutani aliyopewa kwenye semina. Watu wa kwenye kalenda walikuwa wamesimama na mbao zao za kuteleza, wanacheka, hawana jembe wala kapu. Akafanya utafiti wa kina juu ya kalenda hiyo, akahitimisha kwamba wakazi wa miji ya aina hiyo hawafanyi kazi. Kwa hiyo Mtundani ikaagizwa kustarehe. Marufuku kubeba mzigo kichwani mbele ya mgeni. Marufuku kutembea haraka. Salamu ya mgeni ijibiwe: "Poa kabisa, maisha ni bahari."

Maalimu Abdulhalim, imamu wa msikiti, aliitazama ile kalenda kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akauliza kuhusu mavazi.

"Mavazi yako awamu ya pili," alijibu Bwana Abbasi.

Mwantumu, mmoja wa wakulima, alisikiliza yote hayo akiwa na roho juu. Mpunga wake ulikuwa kwenye maziwa, punje bado laini, na wiki hizo ndizo za kwelea. Ukiondoka shambani asubuhi moja tu, ndege wanakuachia makapi. Mpunga ule ndio chakula cha nyumba yake mpaka mwaka mwingine. Hapakuwa na mwingine. Ndiyo maana alikuwa amehamia juu ya dungu, kibanda chake cha miti mirefu katikati ya shamba, akipiga debe na kurusha mawe kwa kombeo kutwa nzima.

Huko ndiko Bwana Abbasi alikomkuta alipokuwa anakagua mji wake. Alisimama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Kumbe minara ya waokoaji wa baharini mnayo!"

"Hilo dungu, mwanangu," Mwantumu alisema kutoka juu. "Mie nalinda mpunga."

"Unalinda dhidi ya nani?"

"Ndege. Usiku nguruwe. Kima ndo hawana saa."

Bwana Abbasi alimweleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtu asiyeenda semina, kwamba mnara wa mwokoaji unaotazama mpunga ni rasilimali ya taifa iliyoipa bahari mgongo. Kesho yake madungu yote yaling'olewa, yakasimikwa upya kando ya tope, yakitazama baharini. Na kwa kuwa mnara hauna maana bila mtu, kila mwenye dungu aliteuliwa kuwa Mwokoaji Daraja la Tatu. Daraja la kwanza na la pili walikuwa wilayani, kwenye viti.

Basi Mwantumu akakaa juu akiokoa tope. Nyuma yake aliwasikia kwelea wakishuka shambani kwa maelfu, wanapiga kelele kama watu wa harusini. Alilia kwa hasira, akafuta machozi kwa upindo wa kanga, akaenda kumwona ofisa.

"Bwana mkubwa, niruhusu asubuhi tu. Ndege wananimalizia."

"Mama, ndege hawamo kwenye mpango."

"Na njaa imo?"

"Njaa ni idara nyingine."

Alipofika nyumbani, mumewe Kibwana alimpokea mlangoni. "Vipi, mke wangu?"

"Poa kabisa," alisema Mwantumu. "Maisha ni bahari." Akaitupa kombeo uvunguni.

Hatimaye ikatangazwa kwamba Mheshimiwa Naibu Waziri angekuja na mwekezaji siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Mwantumu alihesabu mwezi kwa vidole, akarudi tena ofisini.

"Siku hiyo bamvua, maji yanakimbia mbali. Saa nne maji yatakuwa yamepwa, hata ngalawa haifiki. Waje alasiri."

"Ratiba imeshapitishwa na ofisi tatu."

"Bahari ndo haijapita hata moja, nakwambia."

Bwana Abbasi alimwonya juu ya lugha ya kukatisha tamaa.

Alhamisi, saa nne kamili, kwa uaminifu mkubwa wa ratiba, boti ya wageni ilikwama kwenye tope mbali na kijiji. Bwana Abbasi alitaka kuonyesha mfano. Akakumbatia ubao wa kuteleza, akaruka, akazama hadi kiunoni. Mheshimiwa Naibu akamnyooshea mkono, naye akavutwa chini na suti yake ya kijivu. Nahodha aliwavuta wote wawili wakarudi botini, weusi kuanzia utosini, hawatambulikani nani ana cheo.

"Waokoaji!" Mheshimiwa alipiga kelele. "Waokoaji!"

Mwantumu alitazama toka juu ya dungu. Watu walikuwa salama botini; maji yangewarudia baada ya adhuhuri. Mpaka hapo hapangekuwa na ofisa hata mmoja nchi kavu. Jambo hilo lilimwingia polepole, likamfanya acheke peke yake.

"Jamani!" aliwaita wenzake kwenye minara mingine. "Nani wa kutuzuia? Shukeni!"

Kutoka botini, Bwana Abbasi aliona kwa darubini minara yake ikianguka mmoja baada ya mwingine na kuondoka mabegani mwa watu waliokuwa wakitembea haraka. Alitoa maagizo kwa sauti. Upepo ulikuwa unatoka nchi kavu.

Maji yalipowafikisha ufukweni, Mji wa Kuteleza Mawimbini ulikuwa mtupu. Wakafuata makelele ya madebe mpaka mashambani, tope limewakauka mwilini, kofia zimepinda, Bwana Abbasi bado kakumbatia ubao wake, njaa inauma. Walipoingia katikati ya mpunga wa Mwantumu, ambao nusu yake ilikuwa bado hai, wingu zima la kwelea liliruka kwa hofu na kukimbilia ng'ambo ya mto.

Mwekezaji alifurahi, akatoa kamera.

Mwantumu alisimama juu ya dungu lake. Tangu aanze kulima humo alikuwa hajawahi kuona ndege wakikimbia vile, hata kwa kombeo.

"Hapo hapo, Mheshimiwa!" alisema. "Usisogee. Nyanyua mikono. Na huyo mwenzio mwenye ubao, akasimame kule pembeni, wanakopitia nguruwe."

Na kwa kuwa lilikuwa agizo, na limetoka juu, wakatii.