Jirani Aliyekuja na Nyumba kwenye Lori

Farasi walikuwa wanarudi kutoka kuogeshwa baharini, wamelowa chepechepe, wananuka chumvi, wanavuka barabara taratibu kama wazee wanaotoka kanisani huku magari yote yamesimama kuwangoja. Darnley Gittens naye alingoja. Mkono mmoja umeshika mkate uliotiwa samaki, jicho limetua kwenye ubao mweupe uliofungwa kwa waya kwenye uzio wa uwanja wa mbio wa Harewood.

Watu walikuwa wanaupita ubao ule bila kuuangalia. Darnley aliusoma mpaka chini kabisa, maana riziki ya watu wa aina yake huandikwa kwa herufi ndogo.

Ubao ulisema kwamba Bwana Rawle Edghill, mwandaaji wa matamasha, anaomba kibali cha kufanya mikusanyiko mikubwa ya muda ndani ya uwanja wakati wa sikukuu za mavuno ya miwa. Kutakuwa na majukwaa, mahema, spika, vyoo vya kubeba na watu maelfu. Jirani yeyote mwenye nyumba inayopakana na uwanja ana haki ya kuweka pingamizi, na Idara ya Mipango itamsikiliza.

"Itamsikiliza," Darnley alirudia kwa sauti, na akasahau kutafuna.

Mwandaaji mwenye haraka na jirani mwenye kinyongo wakikutanishwa vizuri, katikati yao hubaki nafasi ya mtu mmoja mwembamba kukaa na kula. Darnley alikuwa mwembamba. Shida ni kwamba hakuwa jirani. Yeye aliishi upande wa pili wa kisiwa, kwenye mashamba ya miwa, ambako kelele kubwa kuliko zote ni ya punda.

Lakini alikuwa na nyumba, na nyumba za watu wa kule hazikuzaliwa zikae pamoja na ardhi. Ardhi ni ya fulani, unamlipa kodi ya kiwanja. Nyumba ni yako, ya mbao, imekalia mawe tu bila tone la saruji. Mkigombana, unazichomoa kuta, unazilaza kwenye lori, unakwenda kuzisimamisha kwingine, na jioni unapikia jiko lilelile. Hii ya Darnley aliachiwa na mama yake, Bi Ianthe, aliyekata miwa mpaka vidole vikakataa kunyooka, akinunua ubao mmoja leo, mwingine mwakani, hadi pakasimama chumba cha mbele, chumba cha nyuma, na madirisha aliyoyapaka kijani mwenyewe. Darnley alikwisha kuuza mengi maishani: ng'ombe wa jirani, tiketi za meli isiyofika, hata kaburi lililokuwa na mwenyewe ndani. Nyumba ya mama hakuiuza wala hakuiweka rehani. Kila tapeli ana madhabahu yake, na ya Darnley ilikuwa na madirisha ya kijani.

Kando ya uzio palikuwa na nyumba za mawe za watu waliostaafu vizuri, na mwishoni kabisa palikuwa na Bi Clorinda Trotman, mjane, na nyuma ya nyumba yake kipande cha ardhi kilichopandwa bamia.

"Hodi, shangazi!"

"Sina ndugu mwenye mtoto wa meno mazuri namna hiyo," alijibu Bi Clorinda bila kuinua kichwa kwenye bamia zake. "Unauza nini?"

"Siuzi, naomba. Daktari ameniambia niishi karibu na farasi."

"Daktari wa watu au wa farasi?"

"Wa watu, shangazi. Kifua hiki. Anasema harufu ya samadi yao inafungua mapafu."

"Basi mimi ya kwangu yamefunguka mpaka upepo unapita na kutoka."

Darnley akacheka kicheko chake cha kuuzia. "Nina kinyumba cha marehemu mama. Nikikiweka hapo kwenye bamia hutajua kama kipo."

"Bamia zitajua."

"Nitakulipa bamia zako."

"Na kodi ya kiwanja?"

"Itaje tu, shangazi."

Bi Clorinda akajipangusa mikono kwenye aproni, akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia, bila haraka, kama mtu anayechagua samaki sokoni. "Tutaongea," alisema. "Mgonjwa habanwi."

Darnley aliondoka akimwonea huruma kidogo. Alipenda kazi ngumu ngumu. Hii ilikuwa kama kumnyang'anya mtu aliyelala.

Pesa yote aliyokuwa nayo iliishia kwenye lori. Jumamosi nyumba ikafika, kuta zimelazwa, paa limekunjwa, madirisha yamefungwa kamba yasije yakapiga kelele njiani. Mtaa mzima ukatoka kusaidia, kwa kuwa kisiwani nyumba ikihama hapaalikwi mtu, panapelekwa ramu tu. Wanaume wakaviringisha mawe, wakapima usawa kwa chupa ya maji, wakabishana, wakapigilia misumari. Bi Clorinda akawapikia nyama ya nguruwe ya siki na matango. Kabla jua halijashuka, mapazia ya Bi Ianthe yalikuwa yanapepea hatua chache kutoka kwenye uzio wa farasi, na Darnley alikuwa jirani, tena wa karibu kuliko wote.

Alianza na wale wa nyumba za mawe. Mkubwa wao alikuwa Bwana Oswin Hinkson, ofisa forodha mstaafu, ambaye hakuwa amesamehe kelele yoyote tangu astaafu.

"Watatufanyia fujo mpaka alfajiri," Bwana Hinkson alilalamika. "Mke wangu ana shinikizo la damu!"

"Niacheni niwe mdomo wenu," alisema Darnley, mkono kifuani. "Mbele ya Idara msipayuke kila mmoja na lake. Anasimama mmoja, anawasemea wote."

"Na unataka kiasi gani?"

"Pesa, bosi? Pesa inachafua pingamizi. Mimi mnilindie nguvu tu."

Kwa hiyo wakamlindia nguvu. Leo samaki warukao na ugali wa bamia kwa kina Hinkson, kesho makaroni ya kuoka nyumba ya pili, keshokutwa kuku na shelisheli nyumba ya tatu. Darnley akaanza kulegeza mkanda. Haki ya binadamu, alivyoiona yeye, haijawahi kutetewa na tumbo tupu.

Kisha akaenda mjini kwa Bwana Edghill, kwenye ofisi yenye kiyoyozi kikali kiasi kwamba katibu alikuwa amevaa sweta.

"Wewe ni nani?" aliuliza Edghill.

"Mimi ni usingizi wako, Bwana Edghill. Ukinikosa, hulali."

"Majirani wa Harewood nawajua wote. Nimewapelekea keki za Krismasi. Wewe sikujui."

"Hukuniletea keki, ndiyo maana. Kati ya ukuta wangu na uzio wako mtu mnene hapiti. Na wale wengine wote wamenikabidhi midomo yao. Nikisema tunapinga, vyoo vyako vya kubeba utavibeba urudi navyo nyumbani."

Edghill alikuwa amekwisha kuwalipa wanamuziki, na pesa ya mwanamuziki ikitoka hairudi. Akalegeza tai. "Na ukisema hampingi?"

"Hapo ndipo urafiki wetu unapoanzia."

Wakakubaliana: bahasha itatoka mlangoni, kikao kikishaisha. Darnley alitamani itangulie, lakini Edghill naye hakuzaliwa juzi.

Kikao kilifanyika asubuhi kwenye ukumbi wa kanisa, mchungaji akiwa amekaa mbele kulinda viti vyake. Idara ilimtuma Bi Alleyne-Worrell, mama wa miwani miwili, mmoja wa karatasi na mmoja wa watu, na ramani aliyoitandaza mezani kama kitambaa cha chai. Alisema kwamba kabla ya kuja amezunguka uwanja mzima kwa miguu. Viatu vyake vilithibitisha.

Mtaalamu wa Edghill akaeleza kwamba muziki utakuwa mkubwa lakini hautasikika. Mtunza nyasi akaapa kwamba nyasi hazijali. Mkufunzi wa farasi akasema wanyama wake hawana ugomvi na nyimbo za zamani, ila hizi za sasa zinawaharisha. Kila neno likaandikwa kwa heshima zote.

"Sasa majirani," alisema Bi Alleyne-Worrell, akivaa miwani ya watu.

Darnley akasimama. Kulia kwake kina Hinkson waliomlisha, kushoto Edghill na bahasha yake. Hotuba ilihitaji kuwaridhisha wote bila kusema kitu, na wabunge wengi wamefia kwenye kazi hiyo, lakini yeye alikuwa na kipaji.

"Mimi ni mpenzi wa ukimya," alianza. Kulia wakapiga makofi. "Lakini nauliza, huo ukimya nao si unastahili mapumziko?" Kushoto wakapiga makofi. "Hatutakubali kuonewa! Wala hatutakubali kuonekana watu wasiokubali!" Pande zote mbili zikapiga makofi, mchungaji akaitikia "Amina" kwa mazoea.

"Umesema vizuri sana," alisema Bi Alleyne-Worrell. "Nyumba yako ni ipi?"

"Hii hapa, mheshimiwa. Pembeni kabisa."

Mama akainamia ramani, akabadilisha miwani. "Ramani yangu inaonyesha hapo pana bamia."

"Zilikuwepo."

"Na leo asubuhi nimeona nyumba. Kibali chake kiko wapi?"

Ukumbi ukacheka. Kibali cha nyumba ya mbao! Hapakuwa na mtu mle ndani ambaye bibi yake aliwahi kuomba ruhusa ya kuhamisha nyumba. Ilikuwa kama kuombea kibali kiti.

"Mheshimiwa," alisema Darnley kwa upole, "hiyo si jengo. Ni ya kuhamishika. Ni ya muda tu."

"Hata mahema ya Bwana Edghill ni ya muda, na ndiyo yametuleta hapa." Hakuwa na ukali; alikuwa na sheria, ambayo ni mbaya zaidi. "Ukiisimamisha mahali papya bila kibali, utalipa faini, nayo itabomolewa na mbao zake zitakaa kwenye yadi ya Idara mpaka ulipe gharama. Na kwa uzoefu wangu, mbao za yadini hutafunwa na mchwa kabla mwenyewe hajafika."

Makofi yote yalikuwa yamekauka. Darnley akaziona mbao za Bi Ianthe zimerundikwa kwenye matope, rangi ya kijani imeangalia chini.

"Samahani, mheshimiwa." Bi Clorinda alikuwa amesimama nyuma, kofia yake ya kanisani kichwani, mkoba mikononi. "Mgonjwa huyu asihangaishwe. Ile si nyumba yake. Ni yangu."

"Yako?"

"Kibanda changu cha nyuma. Yeye ananiangalizia tu, kwa ajili ya kifua chake."

Bi Alleyne-Worrell akafikiri. "Kama ni kibanda cha mwenye ardhi, nyuma ya nyumba yake mwenyewe, hakihitaji kibali. Bwana Gittens, ndivyo ilivyo?"

Ukumbi mzima ukamgeukia. Akisema nyumba ni yangu, inakwenda kwa mchwa. Akisema si yangu, inakwenda kwa Bi Clorinda. Alimtazama yule bibi, akaona uso mtamu, mpole, wa mtu anayeokoa mwenzake, na akajiambia huyu ananisitiri tu, nje tutaelewana. Akatikisa kichwa kukubali.

"Kwa sauti, tafadhali. Naandika."

"Ni... ni ya shangazi."

"Basi wewe si jirani. Keti."

Alipoketi, bahasha ya Edghill ilikuwa imekwisha kurudi mfuko wa ndani wa koti. Upande wa pili Bwana Hinkson alikuwa anamnong'oneza mkewe, na mkewe anahesabu kuku kwa vidole.

"Jirani wa karibu kuliko wote ni Bi Trotman, sasa," alisema mama wa Idara. "Unapinga?"

"Nilikuwa napinga," alijibu Bi Clorinda, "lakini yanazungumzika."

Edghill akaruka kama aliyechomwa. "Mama yangu, sema lolote!"

Hakusema lolote, alisema machache yaliyopangika. Muziki ukome mapema, wenye shinikizo la damu walale. Watu wa nyumba za mawe wasilipe kiingilio. Na chakula cha geti la upande ule asiuze mwingine ila yeye: bajia za samaki, kupitia dirisha la kibanda chake cha nyuma, ambalo kwa bahati limeelekea getini. Edghill akakubali yote kabla hajamaliza kuvuta pumzi, Bi Alleyne-Worrell akayaandika kama masharti ya kibali, na mchungaji akawataka watu wapange viti.

Darnley alimkimbilia Bi Clorinda njiani, anahema kwelikweli safari hii.

"Shangazi! Shangazi, umeniokoa. Mungu akuweke. Sasa ile nyumba yangu..."

"Nyumba ipi, mwanangu?"

"Ya mama!"

"Nimekusikia mimi mwenyewe ukisema ni ya shangazi. Mchungaji amesikia. Yule mama ameandika." Akasimama kuwapisha farasi wavuke. "Kama unaitaka, rudi kamwambie ni yako. Bado anafunga ramani."

"Ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Mtu anakuja na nyumba kwenye lori karibu na uwanja wa mbio, wiki ileile ubao umefungwa. Hata kuku wangu walielewa."

"Mama yangu aliijenga ile nyumba ubao kwa ubao."

"Naona. Kazi nzuri." Hapo uso wa Bi Clorinda ulilainika kidogo, lakini kidogo tu. "Sitaipaka rangi nyingine. Na kukaa unaweza kukaa, chumba cha nyuma, kile cha mbele nitakaangia bajia. Kodi mwanzo wa mwezi. Na unga wa bajia utakanda wewe, una mikono mirefu."

Farasi wa mwisho akapita.

Bi Clorinda akanyoosha kiganja. "Naomba ufunguo."

"Upi?"

"Wa mlango wa mbele," alisema. "Wa nyuma ninao."